Ligi ya Marekani yauza michezo nje: Nani anapata, nani anakosa?

MFANYABIASHARA ambaye duka lake limejaa wateja ana njia mbili za kuongeza mauzo. Anaweza kupandisha bei kwa wateja alionao, au kufungua tawi mahali pengine. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilitumia njia ya kwanza kwa miongo mingi. Sasa imeishika ya pili kwa mikono miwili.

Katika msimu wa 2025 ligi hiyo ilipeleka michezo 7 ya msimu wake rasmi nje ya Marekani: mmoja Sao Paulo, mmoja Dublin, mitatu London, mmoja Berlin na mmoja Madrid. Haikuwahi kupeleka mingi kiasi hicho katika mwaka mmoja. Kwa mwaka 2026 ilitangaza kuingia hadi Melbourne, Australia.

Hii si michezo ya maonyesho. Matokeo yake huhesabiwa katika msimamo wa ligi, na timu inayoshindwa London imeshindwa kweli. Ndiyo maana wapo Wamarekani wanaoona kwamba biashara hii inawanyang'anya haki yao, na wapo wanaoona kuwa bila soko la nje mchezo wao utadumaa.

Swali la kibiashara ni jepesi kulitaja ingawa si jepesi kulijibu: mzigo huu unaosafirishwa unatolewa katika ghala la nani?

Bidhaa adimu

Ili kuelewa uzito wa suala hili, ni lazima kwanza kuangalia uchache wa bidhaa yenyewe. NFL ina timu 32, na kila timu hucheza michezo 17 tu kwa msimu. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza michezo 38, na 19 kati ya hiyo ni ya nyumbani. Timu ya NFL hupata michezo ya nyumbani 8 au 9.

Klabu ya Uingereza ikipoteza mchezo mmoja wa nyumbani inapoteza kiasi cha asilimia 5 ya michezo ambayo wenyeji wangeiona. Timu ya NFL yenye michezo 8 ikipoteza mmoja, wenyeji wamekosa asilimia 12.5. Ni sawa na mkulima mwenye magunia 8 kutoa gunia moja zima.

Upande wa pili wa hesabu ni televisheni. Mwaka 2021 ligi ilitia saini mikataba ya matangazo ya miaka 11 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100. Fedha hizo huingia katika mfuko mmoja na kugawanywa sawa kwa sawa, timu ya mji mkubwa ikipata kile kile inachopata timu ya mji mdogo.

Timu nyingi ni mali ya matajiri na hesabu zake hazitangazwi. Green Bay Packers peke yake inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, hivyo hutoa hesabu kila mwaka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 ilipata dola milioni 719, na kati ya hizo dola milioni 432.6 zilitoka katika mfuko wa pamoja. Hiyo ni asilimia 60.

Kwa maneno mengine, kila timu huishi zaidi kwa chungu cha pamoja kuliko kwa mlango wake yenyewe. Mchezo wa nje unalenga kujaza chungu hicho, kwa kupata watazamaji wapya, wadhamini wapya na wanunuzi wapya wa matangazo.

Dirisha la asubuhi

Mchezo wa London kwa kawaida huanza saa 3:30 asubuhi kwa saa za New York, kabla ya michezo mingine ya Jumapili. Ligi inapata muda wa nne wa kuuza katika siku moja, muda ambao zamani haukuwa na thamani yoyote. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, mwezi Oktoba muda huo ni saa 10:30 jioni, wakati mchezo wa mwisho wa Jumapili huanza saa 9:20 usiku, watu wakiwa wamelala.

Mchezo wa Sao Paulo wa Septemba 2025 ulirushwa bure duniani kupitia YouTube, na ulipata wastani wa watazamaji zaidi ya milioni 17. Hakuna uwanja unaoweza kuchukua hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Ni wazi basi kwamba kinachouzwa nje zaidi ni picha, wala si kiti.

Safari ndefu ya soko

Ligi haikufika hapa kwa siku moja. Mwaka 1986 ilipeleka Chicago Bears na Dallas Cowboys uwanja wa Wembley kwa mchezo wa maonyesho, na baada ya hapo michezo ya namna hiyo ikawa desturi. Mwaka 1991 ikaanzisha ligi ndogo yenye timu za Ulaya na Amerika Kaskazini, ambayo baadaye ilibaki Ulaya peke yake. Ligi hiyo ilifungwa mwaka 2007 baada ya miaka mingi ya hasara.

Somo lilikuwa chungu lakini la wazi. Wazungu wa Ulaya hawakutaka bidhaa ya daraja la pili. Walitaka timu zile zile wanazoziona katika televisheni, zikicheza mchezo wenye maana.

Tayari Oktoba 2, 2005, Arizona Cardinals na San Francisco 49ers walikuwa wamecheza mchezo rasmi Mexico City mbele ya watu 103,467. Oktoba 28, 2007, miezi michache baada ya ligi ya Ulaya kufungwa, New York Giants waliwafunga Miami Dolphins 13-10 pale Wembley, na watu 81,176 waliingia uwanjani. Tangu hapo London imekuwa kituo cha kila mwaka, isipokuwa 2020 kwa sababu ya janga la korona. Klabu ya Tottenham ilijenga uwanja wake mpya, uliofunguliwa 2019, ukiwa na kiwanja maalumu cha NFL chini ya nyasi za soka.

Somo la Toronto

Hata hivyo si kila soko la nje hukubali. Buffalo Bills, timu iliyo karibu na mpaka wa Kanada, ilikubali kupeleka mchezo mmoja wa nyumbani kila mwaka Toronto kuanzia 2008. Kampuni ya Rogers iliahidi kulipa dola za Kanada milioni 78 kwa michezo 8, miwili au mmoja kwa mwaka, ikiwamo ya maonyesho.

Kwa mhasibu ilikuwa biashara nzuri, kwani timu ilipata uhakika wa fedha kabla ya tiketi kuuzwa. Uwanjani mambo yalikuwa tofauti. Katika michezo 6 rasmi ya Toronto, Bills walishinda mmoja tu. Mchezo wa Desemba 2013 uliingiza watu 38,969, na wengi wa waliokuwapo hawakuwa na timu ya kushangilia. Mpango ulivunjwa mwaka 2014.

Toronto ilionyesha kuwa mji wa pili haukopeshwi mapenzi ya mji wa kwanza. Mchezo wa nyumbani unaochezwa mahali pasipo nyumbani huipa timu fedha, lakini huiondolea kelele za wenyeji wake, ambazo ni mtaji wa aina yake.

Mwenye kibanda hafidiwi

Mmiliki wa timu anapoachia mchezo, hasara ya viingilio inaweza kufidiwa na ligi au na mdhamini. Walio nje ya geti hawana wa kuwafidia.

Green Bay ni mji wa watu wapatao 107,000, na uwanja wake, Lambeau Field, unachukua watu 81,441. Siku ya mchezo mji mzima ni soko. Hoteli hujaa, baa hufurika, na wakazi wa jirani na uwanja hukodisha nyasi za mbele ya nyumba zao kwa maegesho ya magari. Kwa watu hao mchezo mmoja ni sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka.

Kuna pia mlipa kodi. Uwanja mpya wa Buffalo ulitengewa dola milioni 850 za umma, yaani milioni 600 kutoka jimbo la New York na 250 kutoka wilaya ya Erie. Jacksonville nayo mwaka 2024 iliidhinisha dola milioni 625 za mji kwa ukarabati wa uwanja. Mwananchi aliyechangia kujenga ghala ana haki ya kuuliza kwa nini mzigo unapelekwa ghala la mwingine.

Mchezo wa tisa

Hapa ndipo badiliko la mwaka 2021 linapokuwa na maana kubwa. Mwaka huo ligi iliongeza mchezo wa 17. Kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa mbili, nusu ya timu hupata michezo 9 ya nyumbani na nusu hupata 8. Timu 16 za kundi la AFC hupata 9 katika miaka ya witiri, na 16 za kundi la NFC katika miaka ya shufwa.

Mchezo wa tisa ni ziada. Haukuwapo zamani, na aliyeupata ana faida ya kiushindani dhidi ya asiyeupata. Ligi ikiutoa nje, mji husika unabaki na michezo 8, kiasi kile kile ulichokuwa nacho tangu 1978.

Packers ni ushahidi mzuri. Kwa miaka mingi walikataa kuachia mchezo wa Lambeau Field, wakitaja uchumi wa mji wao. Walipopata mchezo wa tisa mwaka 2022, walikubali kuwa wenyeji wa Giants pale London. Walikuwa timu ya mwisho kati ya 32 kucheza nje.

Msimu wa 2025 timu zote 7 zilizohesabiwa kuwa wenyeji katika michezo ya nje zilitoka AFC, kundi lililokuwa na ziada mwaka huo. Jacksonville ndiyo isiyofuata kalenda hii. Timu hiyo ya tajiri Shahid Khan, ambaye pia anamiliki klabu ya Fulham ya London, imekuwa ikipeleka mchezo wa nyumbani London kila mwaka tangu 2013, ukiacha 2020. Mwaka 2024, ambao AFC haikuwa na ziada, wakazi wa Jacksonville walibaki na michezo 7.

Miguu na saa

Wachezaji nao wana hoja. Timu ya pwani ya magharibi hukuta London iko mbele kwa saa 8, na katika ligi ya michezo 17 siku moja ya uchovu inaweza kuharibu msimu. Minnesota Vikings mwaka 2025 walicheza wiki mbili mfululizo katika nchi mbili, wakashindwa Dublin 24-21 na kushinda London 21-17.

Viwanja pia ni tatizo. Mwaka 2018 mchezo wa Rams na Chiefs uliondolewa Mexico City siku chache kabla kwa sababu ya ubovu wa kiwanja, na wenye tiketi waliokwishapanga safari wakabaki na mzigo wao. Lakini wachezaji hawa hupata karibu nusu ya mapato ya ligi kwa mujibu wa mkataba wao, hivyo soko la nje likikua, nao mishahara yao hukua.

Kwa kulinganisha, soka imesita. Ligi Kuu ya Uingereza ilibuni mchezo wa 39 wa nje mwaka 2008 na kuuacha baada ya upinzani. Mwaka 2025 mpango wa kucheza Villarreal na Barcelona huko Miami ulifutwa mwezi Oktoba. Katika soka kila timu hucheza na kila timu nyumbani na ugenini, kwa hiyo kuhamisha mchezo mmoja kunavunja mizani. Ratiba ya NFL haina mizani hiyo tangu mwanzo.

Hesabu ya mwisho

Kamishna Roger Goodell amekwisha kusema hadharani kuwa angependa kufikia michezo 16 ya nje kwa msimu, kila timu ikicheza mmoja. Wengi walisikia tamaa tu katika kauli hiyo, lakini hesabu yake imekaa sawa. Timu 16 zina mchezo wa tisa. Yote 16 ikiuzwa nje, kila timu Marekani inabaki na michezo 8 nyumbani, 8 ugenini na mmoja nchi ya nje, na hakuna timu inayompita mwenzake kwa uenyeji wala kwa uchovu wa safari.

Jibu basi ni ndiyo, ila kwa sharti. Ligi iuze ziada na isiguse akiba. Mchezo wa tisa una wanunuzi London, Berlin na Sao Paulo, na mji unaoutoa hautolewi chakula mezani. Mchezo wa nane ni wa mwenye kibanda, mwenye tiketi ya msimu na mlipa kodi, na ukiguswa wao ndio wanaolipa gharama za tawi wasilolimiliki.

Kitu cha kuangalia ni mazungumzo ya kuongeza mchezo wa 18, ambao unahitaji ridhaa ya chama cha wachezaji. Ukipita, kila timu itakuwa na michezo 9 ya nyumbani, na kishawishi cha kuuza zaidi ya mmoja kitakuwa kikubwa. Miji iliyotoa mamilioni kujenga viwanja itafanya vizuri kuandika idadi ya michezo ya nyumbani ndani ya mikataba yake mapema, kabla mnunuzi wa nje hajafika na bei nzuri zaidi.