Bolti ikigoma kwenye injini, usiishindanie nguvu

MSIMU wa mavuno ndio wakati mwenye mashine ya kusaga hupata fedha, na ndio wakati injini yake ya dizeli hufanya kazi kutwa bila kupumzika. Gaski ya silinda hedi ikiungua siku hizo, mwenyewe hutaka ibadilishwe upesi kabla wateja hawajahamia kwa jirani.

Hapo ndipo hasara kubwa huanzia. Bolti moja iliyoshikwa na kutu inakataa kulegea, spana inaongezwa urefu kwa kipande cha bomba, watu wawili wanaisukuma, na ghafla kichwa cha bolti kinakatika. Kipande kinabaki ndani ya bloku.

Bolti ni kitu cha bei ndogo, lakini bloku au hedi ikipasuka, gharama yake inaweza kumeza mapato ya msimu mzima. Mara nyingi kinachotenganisha hasara hizo mbili ni usiku mmoja wa kusubiri.

Kwa nini bolti hushika

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hujaza mwanya mdogo ulio kati ya hesi za bolti na za tundu lake. Bolti za eksozi huathirika zaidi kwa sababu ya joto kali. Kwenye pawatila, ambazo zilipigiwa debe sana wakati wa kampeni ya Kilimo Kwanza iliyozinduliwa mwaka 2009, maji na tope la majaruba ya mpunga huharakisha kutu.

Pampu ndogo za petroli za kumwagilia bustani zina tatizo jingine. Bloku zake nyingi ni za alumini na bolti ni za chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaoibana bolti.

Anza kwa subira

Kwanza safisha kichwa cha bolti na eneo linalokizunguka kwa brashi ya waya. Paka mafuta maalumu ya kulegeza kutu, na kama hayapo, tumia dizeli au mafuta ya taa, ingawa hayo hupenya polepole zaidi. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mengi mepesi, ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Rudia mara kadhaa, kisha acha hadi kesho yake.

Tumia spana ya boksi yenye pembe sita inayoenea sawasawa. Spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi huiita spana malaya, huteleza na kuviringisha kichwa cha bolti. Kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo sana ili kuvunja mshiko wa kutu. Bolti ikianza kusogea, usiifungue moja kwa moja. Ifungue robo mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, kisha endelea. Ukihisi inajipinda kama mpira bila kuzunguka, simama, kwani inakaribia kukatika.

Moto una masharti

Bolti ikiendelea kugoma, joto husaidia. Lengo ni kupasha sehemu inayoizunguka ili tundu litanuke. Kwa alumini njia hii hufaa zaidi, kwa kuwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi bila kwanza kuwa nyekundu, hivyo anayesubiri ibadilike rangi huiharibu. Bloku ya chuma nayo isimwagiwe maji ikiwa ya moto, itapasuka.

Kabla ya kuwasha moto, ondoa tangi la mafuta, futa mafuta yote yaliyopakwa na uchomoe waya za betri.

Ikishakatika

Kama kipande kimechomoza juu, njia nzuri ni kuweka nati juu yake na kuichomelea kwa ndani. Joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati inakuwa kichwa kipya cha kushikwa na spana.

Kama kimekatikia ndani, kazi ni ya keekee. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa ikiwezekana, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, kisha toboa kwa biti ndogo, mwendo wa polepole, huku ukitia mafuta. Tundu likienda upande, litakula hesi za bloku. Bolti ya milimita 8 yenye hesi ya kawaida huhitaji tundu la milimita 6.8 kabla ya kupitisha tepu, na ya milimita 10 huhitaji milimita 8.5.

Kuna pia chombo cha kuchomolea chenye hesi za kinyume, ambacho hupigiliwa ndani ya tundu na kuzungushwa. Ni chuma kigumu lakini hukatika kirahisi, na kikikatikia ndani, biti za kawaida haziwezi kukitoboa. Mkulima asiye na uzoefu afadhali aifikishe hedi au bloku kwa fundi wa kukereza vyuma akiwa bado hajaiharibu.

Kuzuia ni rahisi

Wakati wa kufunga, safisha hesi na ukaushe tundu. Mafuta au maji yakibaki kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, bolti ikikazwa huyasukuma kwa nguvu inayoweza kupasua bloku. Bolti za eksozi zipakwe grisi maalumu ya kuhimili joto.

Ukinunua bolti mpya, linganisha namba zilizo kichwani, kama 8.8 au 10.9, kwa kuwa huonyesha uimara wake. Bolti za hedi zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio na kiwango kilicho katika kitabu cha injini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye mashine anayezikagua bolti zake baada ya msimu, wakati hakuna foleni ya wateja mlangoni, ndiye mwenye nafasi ya kuzipaka mafuta na kusubiri hadi kesho yake.