Handaki Lililokausha Visima

Haya wanangu, sogeeni. Leo nawapeleka mbali, kusini mwa Sweden, kwenye mlima uitwao Hallandsås. Si mrefu hata kidogo, ukiuona utaucheka. Lakini treni zilikuwa zikiupanda kwa taabu, basi mwaka 1992 watu wakaanza kuutoboa: mahandaki mawili sambamba, kila moja karibu kilomita 9. Walidhani ni kazi ya miaka michache tu.

Mwamba ukiwa mzima haupitishi maji. Huu wa Hallandsås umepasukapasuka tangu kale, na nyufa zake zimejaa maji ya mvua yaliyozama polepole. Ufa umeshikana na ufa, mpaka kwenye visima vya wakulima huko juu. Maji ya chini yanabanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, yanatafuta pa kutokea. Sasa ukiyafungulia shimo kubwa lenye hewa tupu, yataelekea wapi? Yakamiminika handakini, na visima vikaanza kukauka.

Wachimbaji wakasindilia saruji kwenye nyufa. Haikutosha. Wakaleta dawa ya majimaji yenye kemikali ya sumu iitwayo akrilamaidi, ambayo ikishaingia kwenye ufa huganda kama uji uliopoa. Kumbe maji yalikuwa yakienda kasi mno. Yakaizoa kabla haijaganda, yakaifikisha kwenye kijito. Mwaka 1997 samaki wakafa, ng'ombe waliokunywa maji yale wakapooza, wafanyakazi wakaanza kufa ganzi vidole. Kazi ikasimama.

Ngoja niwachomekee jambo. Wataalamu walipopima damu ya wafanyakazi, walipima pia watu wasiowahi kukanyaga handakini, ili walinganishe. Nao wakakutwa na akrilamaidi! Imetoka wapi? Wakafuatilia, na mwaka 2002 wakatangaza: hujitengeneza katika vyakula vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Ndiyo, hata chipsi zenu hizo.

Tukirudi mlimani, likaletwa dude la chuma linalochimba huku nyuma yake likijengwa ukuta wa zege, pete baada ya pete, usiopitisha maji. Penye nyufa mbaya kupindukia, waliugandisha mwamba kwanza: wakapitisha mabomba ya maji ya chumvi yenye baridi kali, maji ya nyufani yakawa barafu, ndipo wakachimba.

Treni za abiria zilianza kupita humo Desemba 2015, miaka 23 tangu kazi ianze.