Margherita Si Uhuru

Wapo wapanda mlima wanaofika Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, vifua mbele kwa kuwa wameshasimama kilele cha Uhuru, Kilimanjaro. Hongera zao. Lakini Uhuru, pamoja na mita zake 5,895, hupandwa kwa kukanyaga vumbi na changarawe. Barafu unaiona pembeni, unaipiga picha, unashuka. Margherita, kilele kirefu kuliko vyote cha Rwenzori kilichokaa mpakani mwa Uganda na Kongo, kina mita 5,109 tu, ila kukifikia lazima uikanyage barafu yenyewe, na kabla yake kuna siku tatu nne za matope.

Wengi huogopa nyufa za barafu. Ni hofu ya haki, lakini kwa kawaida mambo huwa yameshaharibika siku mbili nyuma, mtu anapoamka kichwa kinamgonga na akiulizwa anajibu, "Niko poa." Kule juu kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mombasa, na mwili unahitaji usiku kadhaa kuzoea. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, pale unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike bila kupanda. Sasa tazama vibanda vya kulala kwenye njia ya kati: Nyabitaba kama mita 2,650, John Matte 3,400 na ushei, Bujuku karibu 3,960, Elena 4,540. Kutoka John Matte hadi Bujuku kanuni imeshavunjwa, na Bujuku hadi Elena inavunjwa tena. Mimi ningelala Bujuku usiku wa pili, hata kama kampuni inalalamika kuhusu ratiba.

Kiongozi mzuri hasubiri mgeni alalamike. Jioni, chakula cha moto kikiwa bado hakijaisha, humwomba atembee hatua kumi juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mtu aliyechoka tu ataweza. Anayeyumba kama aliyetoka kilabuni ubongo wake huenda umeanza kuvimba, na huyo hangojeshwi asubuhi: anashushwa usiku huohuo, akisindikizwa. Vilevile anayehema akiwa amekaa, au anayekohoa kikohozi cha majimaji, kwani mapafu yake yanajaa maji. Dawa kama asetazolamaidi na deksamethasoni zina kazi yake zikitolewa na anayezijua, lakini hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kushuka.

Halafu kuna unyevu. Rwenzori mvua hunyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Ndiyo maana Wakonjo, wenyeji wa mlima huu, hukutembeza na gambuti mpaka karibu na miamba. Buti la ngozi likishalowa kwenye kinamasi cha Bigo halikauki tena safari nzima. Jinzi na fulana za pamba ziache Kasese. Tunza seti moja ya nguo za sufu ndani ya mfuko wa plastiki na usiiguse kwa tamaa yoyote hadi wakati wa kulala. Mwenzako akianza kudondosha vitu, kujikwaa ovyo na kuongea kwa ulimi mzito, baridi imemwingia. Na akiacha kutetemeka huku bado amelowa, usidhani amepona. Mvue nguo mbichi, mwingize kwenye begi la kulalia, mpe chai yenye sukari nyingi maadamu anaweza kumeza. Waragi hapana. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akajisikia moto huku kiwiliwili kikizidi kupoa.

Kutoka Elena watu huondoka saa nane au saa tisa usiku, ili warudi kabla jua halijailegeza theluji na ukungu haujafunika alama za njia. Mkataba wa saa ya kugeuka, tuseme saa nne asubuhi, ufanyike kibandani akili zikiwa timamu, kwa sababu mtu anayekiona kilele hajui kuhesabu saa. Palipo na theluji juu ya nyufa, watu watatu hufungwa kamba moja, kila mmoja mbali na mwenzake kwa mita kama kumi. Kamba isilegee, wala usiizungushe mkononi: kila mzunguko ulioushika ni urefu ambao mwenzako ataongeza katika kuanguka. Kwenye mteremko mkali wa barafu ngumu, tupu, hesabu hubadilika. Hapo kamba isiyofungiwa kwenye skrubu za barafu haimwokoi aliyeteleza, inawaburuta wote.

Na barafu tupu ndiyo inayoongezeka. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mwanamfalme kutoka Italia, alipokifikia kilele na kukipa jina la malkia wao mjane, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Leo iliyobaki ya maana iko mlima Stanley, ule wenye Margherita, nayo inapungua na kukatika vipande. Kwa mpandaji maana yake ni hii: njia aliyoihifadhi rafiki yako kwenye simu miaka michache iliyopita inaweza kukufikisha ukingoni mwa jabali mahali palipokuwa na mteremko wa kutembea. Mfuate aliyepita wiki iliyopita.

Kabla hujalipa, iulize kampuni swali moja: mtu akivunjika mguu juu ya Elena, anafikaje getini? Jibu la kweli lina machela, wapagazi wengi wa kupokezana, na siku kadhaa za matope yaleyale uliyopanda nayo. Ukijibiwa kwa mkato kwamba helikopta itakuja, katika mlima unaoshinda ndani ya ukungu, tafuta kampuni nyingine.