Ajali au Uzembe?

Somo: Kutoka 21:28-36

Leo twataka kuyatazama maneno machache tunayoyatumia kila siku, nyumbani, kazini na hata makaburini. Ni maneno yanayomhusu mtu asiyeangalia. Jina tunalolipa jambo si kitu kidogo, kwa maana ndilo linaloonyesha kama tutatubu au tutajifariji tu.

Neno la kwanza ni kughafilika. Hili ni la ukoo mmoja na neno ghafla. Aliyeghafilika alikuwa na nia ya kutenda, ila akili yake iliondoka kidogo. Mama ameweka maziwa motoni, mtoto akalia, naye akaenda kumtazama. Aliporudi, maziwa yamemwagika. Mama huyo hatumwiti mzembe.

La pili ni ulegevu, nalo latokana na kulegea. Fikirini kamba iliyofungwa vibaya. Kamba ipo na fundo lipo, lakini mzigo utaanguka njiani. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Yeremia 48:10, nabii anamtamkia laana mtu aifanyaye kazi ya Bwana kwa ulegevu. Na asikie kila mwalimu wa shule ya Jumapili anayelifungua somo kwa mara ya kwanza mbele ya watoto.

La tatu ni uzembe. Mzembe aujua wajibu wake, anazo nguvu na nafasi, lakini hautimizi. Dereva aona breki zimelegea, naye asema, "Bora liende." Abiria kumi na wanne wamemwamini.

La nne ni kupuuza, ndugu yake upuuzi. Mwenye kupuuza ameonywa, naye amelifanya onyo kuwa upuuzi. Hili ndilo zito kuliko yote.

Torati yapambanua mambo haya vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati 19:5, watu wawili wanakata kuni msituni. Shoka lachomoka katika mpini na kumwua mmoja wao. Aliyeshika mpini hakukusudia, naye apewa mji wa kukimbilia apate kuishi. Lakini tazameni somo letu la leo. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Ila kama ng'ombe huyo alizoea kupiga watu, na mwenyewe akaambiwa asimfunge, basi damu hiyo yadaiwa kwake. Tofauti ni onyo lile. Kisha Mungu ataja shimo. Aliyelichimba akaliacha wazi, mnyama akatumbukia, lazima alipe.

Wapendwa, neno ajali lilitoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Labda ndiyo sababu midomo yetu hulikimbilia upesi. Watu huchimba mawe ya kujengea, mawe yakiisha huondoka, na shimo hubaki wazi. Mvua ikinyesha, shimo hujaa maji, nao watoto huenda kuogelea. Mmoja azama. Siku ya maziko twasimama na kusema, "Ni ajali. Kazi ya Mungu haina makosa."

Ni kweli, Mungu hakosei. Lakini shimo hilo hakulichimba Mungu, wala si yeye aliyekataa kuliziba. Tukimtwika yeye lawama ya uzembe wetu, twalitaja jina lake bure, na mwaka ujao tutamzika mtoto mwingine pale pale. Hatusemi haya ili kumwongezea uchungu mzazi aliyefiwa; huyo ahitaji mkono wa kumshika. Twawaambia wenye shimo, na sisi sote tunaopita karibu nalo kila siku tukinyamaza.

Sheria ya Mungu ilimtaka kila ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Ukingo huo ni upendo wa jirani, uliojengwa kabla jirani hajafika. Wazee wetu nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi juma hili kila mmoja na azunguke boma lake. Je, kisima kina kifuniko? Dawa ya kunyunyizia mimea imewekwa mahali ambapo mtoto hafiki? Koroboi huzimwa kabla ya kulala? Na kama kuna shimo la kijiji, wazee wa kanisa na wamwendee mwenyewe, wamwonye kwa upole, tena mapema.

Tuombe: Ee Baba, uliyetupa jirani ili tumtunze, utupe macho ya kuona hatari na mikono ya kuiondoa. Uwafariji waliofiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.