Riwaya Isiyosahaulika na Msomaji wa Lugha Mbili: Mfano wa Vudee, Upareni

Utangulizi

Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili, wakiulizwa ni kitabu gani kiliwakaa moyoni, aghalabu hawaanzi kwa kutaja muundo wala mtindo. Humtaja mtu: Rosa, Rehema, Maimuna, Kazimoto, Rashidi. Pengine jina la mwandishi limekwisha kuwatoka na mfuatano wa matukio umevurugika, lakini mtu huyo wa kubuni angali hai akilini mwao. Huendelea kumwonea huruma, kumlaumu au kumtetea kana kwamba ni jirani aliyehama kijiji. Wahakiki wameandika mengi kuhusu fani na maudhui ya riwaya hizo, ilhali machache yameandikwa kuhusu sababu za riwaya kubaki kwa msomaji baada ya kitabu kufungwa.

Katika taaluma ya fasihi suala hili huangukia kwenye nadharia ya upokezi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa mjini Konstanz mwaka 1967, alisisitiza kuwa msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wake wa matarajio. Wolfgang Iser naye alionesha kuwa maana ya kazi hukamilishwa na msomaji anapojaza mapengo yaliyoachwa na mwandishi. Mawazo hayo mawili yanafaa, ila katika mazingira ya Afrika Mashariki yanahitaji kuongezewa la tatu, nalo ni lugha. Msomaji wa Ujerumani waliyemfikiria wataalamu hao kwa kawaida husoma kwa lugha aliyolelewa nayo. Wasomaji wengi wa riwaya ya Kiswahili hawako hivyo.

Mhadhara huu unachunguza hali ya msomaji huyo wa lugha mbili kwa kutumia mfano wa Vudee, katika Milima ya Pare Kusini. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili, kwa kuwa si lugha ya jikoni wala ya ukoo kwa msomaji wa huko, humpa umbali unaomwezesha kukabili mambo ambayo lugha ya nyumbani huyanyamazia. Riwaya inayobaki ni ile inayoutumia umbali huo kumrudisha msomaji nyumbani kwake.

Vudee na lugha zake

Vudee ni kata ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Maji ya Mto Vudee huteremka kutoka milimani hadi tambarare ya Makanya, kunakopita reli na barabara kuu na ambako mkonge umelimwa tangu enzi za ukoloni. Juu milimani kilimo kimetegemea kwa vizazi vingi mifereji na ndiva, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhia maji ya kumwagilia, yaliyochimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Neno hilo la mwisho limevuka mipaka ya Upareni na husikika katika Kiswahili cha Tanzania kwa maana ya kazi ya kujitolea.

Lugha ya wenyeji ni Chasu, na wenye lugha hiyo hujiita Vaasu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Chasu kimepewa alama ya G22 na Kiswahili G42. Kwa hiyo lugha hizo mbili zimewekwa katika ukanda mmoja. Tofauti ya kiambishi va- cha Vaasu na wa- cha Wapare ni mfano mdogo wa undugu huo: umbo limebadilika, kazi ya kisarufi ni ileile. Mtoto wa Vudee anapoanza kusoma Kiswahili haingii katika nyumba ngeni kabisa. Anaingia katika nyumba ya ndugu, ambako milango iko mahali anapoitarajia, lakini desturi za sebuleni si zilezile.

Mgawanyo wa kazi baina ya lugha hizo ndio unaohusu zaidi mada hii. Kimapokeo Chasu ni lugha ya mazungumzo baina ya mzazi na mtoto, lugha ya posa, ya matanga na ya mambo ya ukoo. Kwa sababu hiyo kimebeba adabu zote za mahusiano hayo, pamoja na miiko ya yale yasiyotamkwa mbele ya mkubwa au mkwe. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ya ofisi, ya mkutano wa hadhara na ya gazeti. Shule ya sekondari huongeza Kiingereza. Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu kwa Kijerumani mwaka 1909, na yapo maandiko ya dini kwa lugha hiyo, lakini hakujajengeka utamaduni imara wa riwaya kwa Chasu. Msomaji wa Vudee anayetaka riwaya huikuta katika Kiswahili.

Rosa na fimbo ya baba

Mfano wa kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na alifariki mwaka 2020. Naye alikuwa mwandishi wa lugha mbili: Kikerewe kilikuwa lugha ya kwao. Riwaya yake inamhusu binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, Zakaria, ambaye humwadhibu vikali kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Rosa anapofika mahali ambapo jicho la baba halimfikii, anakosa kinga yoyote ndani ya nafsi yake. Mwisho wake ni kujiua.

Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Marufuku hayo yanaonesha jambo moja waziwazi: yaliyoandikwa humo yalijulikana na watu wazima, bali hayakuwa yametamkwa hadharani mbele ya vijana. Utoaji mimba, tamaa za wakubwa na unafiki wa malezi yalikuwa mambo ya kunong'onwa.

Kwa msichana wa Vudee, kuyataja hayo kwa Chasu mbele ya mama au shangazi kungekuwa kuvunja heshima. Kuyasoma kwa Kiswahili ni jambo jingine. Lugha ya kitabu haimwiti yeye kwa jina la ukoo wake. Ukerewe si Upareni. Zakaria si baba yake. Ndani ya usalama huo msomaji hukubali kumtazama Zakaria kwa muda mrefu, na akisha kumtazama hutambua kuwa fimbo ile anaijua. Pengo analoachiwa kulijaza ni swali la nani alaumiwe: Rosa, baba, mama aliyenyamaza, shule, au wanaume waliomtumia? Swali hilo halina jibu moja la kumridhisha kila msomaji, na ndiyo sababu halizeeki. Msomaji aliyemlaumu Rosa akiwa na miaka 17 huenda akamlaumu Zakaria akiwa na binti wa umri huo.

Takadini na kivuli cha kigego

Mfano wa pili ni Takadini ya Ben Hanson, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza na kusomwa na wanafunzi wengi wa Tanzania katika toleo la Kiswahili, kwa kuwa kwa miaka mingi baada ya mtaala wa mwaka 2005 ilikuwa miongoni mwa riwaya teule za sekondari. Mandhari yake ni jamii ya Washona, Zimbabwe. Sekai, baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto, anajifungua mtoto zeruzeru, na mila inataka mtoto huyo asiishi. Mama anatoroka naye hadi kijiji cha mbali. Jina Takadini lina maana ya kuuliza: tumefanya nini?

Hapa umbali ni wa ngazi mbili, kwa kuwa kisa cha Washona kimepitia Kiingereza kabla ya kufika katika Kiswahili. Hata hivyo, Upareni kina mahali pa kutua. Jadi ya Wapare, kama zilivyokuwa jadi kadhaa za Afrika Mashariki, ilikuwa na imani kuhusu vigego. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo, na zamani wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Neno kigego limo katika Kiswahili pia. Simulizi za namna hiyo hazisimuliwi kwa fahari, na mara nyingi hukatizwa mtoto anapoingia chumbani.

Mwanafunzi wa Vudee anayemfuata Sekai njiani na mtoto mgongoni husoma, bila kuambiwa na mtu, historia iliyonyamaziwa kwao. Aidha, kitabu hicho kilisomwa katika miaka ambayo mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, kuanzia takribani mwaka 2007. Swali lililomo katika jina la mtoto halikuwa tena la Washona wa kale. Riwaya iliyosomwa kwa ajili ya mtihani ilikutana na habari za redio, na pia na minong'ono ya nyumbani.

Kuli na kumbukumbu ya mbiru

Mfano wa tatu unaonesha upande mwingine wa hoja. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Rashidi, mtoto wa kuli, anaurithi mzigo wa baba yake kabla ya kutambua kuwa unaweza kukataliwa kwa umoja.

Msomaji wa Vudee huenda hajawahi kuona meli ikipakuliwa. Lakini anatoka katika jamii yenye kumbukumbu yake ya kukataa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, na baadaye wanawake nao wakaingia katika upinzani huo. Isaria Kimambo aliichunguza historia hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Nje ya vitabu vya historia, mbiru imebaki zaidi katika masimulizi ya wazee, kwa Chasu.

Hapa riwaya haivunji mwiko, kwa kuwa mbiru si jambo la aibu. Inachofanya ni kutoa umbo. Masimulizi ya mzee hutaja tukio na idadi ya watu. Riwaya humwonesha mtu mmoja akiogopa usiku wa kuamkia mgomo. Msomaji aliyesoma Kuli anaweza kumrudia babu yake na swali jipya: si wangapi walikwenda Same, bali yeye aliogopa nini njiani.

Pingamizi na jibu lake

Yawezekana kupinga kwamba msomaji wa lugha ya pili hupokea riwaya kwa uchache. Pingamizi hilo lina uzito, hasa kwa riwaya za Zanzibar. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, ina umbuji wa Kiswahili ambao msomaji wa bara huupata kwa jasho. Misamiati ya mavazi, ya shamba la mikarafuu na ya tabaka humpita, na pengine kejeli iliyofichwa katika namna ya kuitana isimfikie.

Hata hivyo, ugumu na uchache si kitu kimoja. Msomaji anayelazimika kusimama kwenye sentensi, kuirudia na kuilinganisha na lugha yake hukaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko anayeteleza juu yake. Rehema, aliyekataliwa na baba yake Fuad na kupata hifadhi kwa mkulima Sulubu, humfikia msomaji wa milimani kupitia jambo analolielewa vyema: ardhi na mtu anayeilima. Akisha kushika hapo, maneno mengine humfuata Rehema mmoja baada ya mwingine.

Riwaya shuleni

Kinachoitishia riwaya leo si lugha ya pili, bali ni kuondolewa kwa usomaji wenyewe. Katika shule nyingi nakala moja hugombaniwa na wanafunzi wengi, na mahali pa kitabu huchukuliwa na vijitabu vya uchambuzi. Humo kifo cha Rosa huwa mstari mmoja chini ya kichwa cha malezi, na safari ya Sekai huwa mfano wa nafasi ya mwanamke. Mwanafunzi hukariri dhamira, wahusika na tamathali, hujibu mtihani na hufaulu.

Hasara yake yaweza kuelezwa kwa hoja iliyotangulia. Muhtasari humpa msomaji jibu pasipo pengo la kujaza. Umbali wa lugha unabaki, lakini njia ya kurudi nyumbani haipo, kwa kuwa hakuna mtu wa kubuni aliyesafiri naye. Mwanafunzi huyo atamaliza shule akijua kuwa Takadini inapinga mila potofu, wala hatakuwa ameuliza kilichotendeka katika ukoo wake.

Hitimisho

Mfano wa Vudee unaonesha kuwa kudumu kwa riwaya moyoni hakutokani na ufundi wa mwandishi pekee, wala na ukaribu wa mandhari pekee. Kunatokana na safari ambayo msomaji huifanya kutoka lugha moja kwenda nyingine na kurudi. Matokeo yake kwa ufundishaji ni mawili. Kwanza, riwaya chache zilizosomwa nzima ni bora kuliko nyingi zilizofupishwa. Pili, mwalimu anaweza kuruhusu mjadala wa darasani uanze na yale ambayo wanafunzi wameyatambua kutoka kwao, kabla ya kuyapanga katika fani na maudhui.

Kwa watafiti wa lugha, uwanja uko wazi. Wasomaji wa Chasu, Kikerewe, Kigogo au Kinyakyusa wanastahili kuhojiwa kuhusu riwaya walizozisoma miaka mingi iliyopita: wamebaki na nani, na wanapomsimulia mtu huyo kwa watoto wao, wanatumia lugha ipi. Wengi waliosoma Rosa Mistika katika miaka ya 1970 sasa ni wazee, na kazi hiyo haifai kuahirishwa.