Muuaji wa sinema aliingiaje kwenye gemu ya kijana wako?

Mzazi wa Tarime au Serengeti, huenda umemsikia kijana akimtaja Michael Myers au Freddy Krueger. Hao ni wauaji wa sinema za kutisha za Marekani, za mwaka 1978 na 1984. Sasa wamo pia kwenye Dead by Daylight, gemu ya Kanada iliyotoka 2016. Wachezaji wanne hukimbia, wa tano huwawinda, wote kupitia intaneti.

Kampuni ya Behaviour Interactive huingia mkataba na wenye haki za sinema, kisha humuuza muuaji huyo kando na gemu yenyewe. Mkataba ukiisha, anaondoka sokoni. Aprili 2025 ilikuwa zamu ya Pinhead wa sinema ya Hellraiser; waliokwisha kumnunua walibaki naye.

Tunaeleza haya kwa sababu gemu nyingi za simu nazo huuza wahusika. Ikiwa simu yako ndiyo yenye pesa za nyumbani, usimpe mtoto namba ya siri. Angalia pia umri: Ulaya, Dead by Daylight ni ya miaka 18 na kuendelea.