Mchanga wa Matema Mbele ya Kamera

Tuta la mchanga, kwa maana ya kilima kinachojengwa na upepo, hutokea hasa pale ambapo mchanga mkavu usioshikwa na mizizi hukutana na upepo mkali unaovuma kwa muda mrefu. Kyela ina mchanga, na upepo inao, lakini ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi mno Tanzania, nchi ya mpunga na kakao, hivyo anayetamani picha za jangwa hana budi kuzifuata kwingine au kujifunza kuutazama mchanga wa ufukwe wake wa Matema kwa jicho jingine.

Tuta linalojulikana zaidi nchini liko karibu na Bonde la Olduvai, katika eneo la Ngorongoro. Hilo limefanyizwa na majivu meusi ya volkano ya Oldoinyo Lengai, lina umbo la mwezi mwandamo na kimo cha mita 9 hivi, na huhama kwa wastani wa mita 17 kila mwaka, kwa kuwa upepo huzirusha chembe kutoka mgongo wake wenye mteremko wa taratibu hadi kileleni, kisha chembe hizo huporomoka upande wa pili ulio mkali. Mpigapicha anayelizunguka huona mistari mirefu ya vivuli, na vivuli hivyo ndivyo vinavyoipa picha ya mchanga uhai, maana mchanga usio na kivuli huonekana pichani kama karatasi tupu.

Huko Matema, kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, kazi ya kuunda mchanga hufanywa zaidi na maji. Mito kama Lufilyo huteremsha chembe kutoka milimani, na mawimbi huzisambaza ufukweni. Na kwa kuwa ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, upepo wa kusini mashariki unaoitwa Mwera, ambao huvuma zaidi kati ya Mei na Agosti, hupata uwanja mpana wa kuyakuza mawimbi kabla hayajafika huku juu. Yakirudi nyuma, maji huacha mchangani viwimbi vidogo, yaani mikunjo iliyopangana, ambayo ikipigwa picha kwa karibu humchanganya mtazamaji asijue kama anaona kitu cha upana wa kiganja au jangwa zima.

Tofauti kubwa iko kwenye mwanga. Jangwani vikundi vya watalii huamshwa usiku ili viwahi macheo, lakini Matema imeegemea Milima ya Livingstone, ukuta ambao vilele vyake hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na unaozuia jua la asubuhi, hata likichomoza juu ya milima huwa limekwisha kupanda na vivuli vimefupika. Kwa hiyo kikundi kinachotoka Kyela mjini kupitia Ipinda hakina haja ya kukimbizana na alfajiri. Ni afadhali asubuhi, hasa ya Jumamosi, itumike katika soko la vyungu la Lyulilo, ambako kazi ya wafinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe huuzwa, ilimradi ruhusa ya kuwapiga watu picha iombwe kwanza, jambo ambalo wageni wenye kamera kubwa hulisahau mno.

Mchanga unangoja alasiri. Jua likiinama upande wa magharibi, mwanga hulala juu ya ufukwe na kila kiwimbi hutoa kivuli chake. Hapo kamera inahitaji kusaidiwa, kwani kipimo chake cha mwanga hudhania kwamba kila kitu kina weupe wa wastani, na mchanga unaong'aa huuchukulia kuwa mwanga umezidi, picha ikatoka na giza. Mpigapicha huongeza mwanga kidogo kwa makusudi. Lenzi isibadilishwe palepale, kwa sababu chembe moja ikiingia ndani ya kamera inatosha kuikwaruza.

Tatizo la kikundi ni nyayo. Watu 15 wakitawanyika ovyo huharibu uso wote kwa dakika chache, na juu, penye mchanga mkavu, alama hubaki mpaka upepo uzifute. Karibu na maji hali ni nyepesi zaidi: kikundi kikisogea nyuma na kusubiri mawimbi machache, uso wa mchanga hurudi kuwa mpya jua likiwa bado halijatua.